Neno Moja la Mheshimiwa

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Mama Spika na kidole kwenye swichi, na swichi ameshaizima.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nasema upesi maana mambo yamechacha. Mama Spika ni mjane anayekodisha vyombo vya sauti. Ana pikapu moja kuukuu, juu ya pikapu fremu ya chuma, na juu ya fremu spika nne za pembe zinazosikika kilomita mbili. Chama chochote kikilipa, anakwenda. Kanuni ya kazi aliachiwa na marehemu mumewe: aliyelipia sauti hakatiwi sauti, hata akimtukana mama yako mzazi.

Jumamosi hii mchana, mbele ya watu elfu tano, ameivunja. Tarumbeta, mchangamshaji wa mikutano mwenye koo la chuma, alipanda jukwaani kabla ya Mheshimiwa, mgombea mwenyewe, kama kawaida yake. Akawaita watu wa Bondeni magugu. Akauliza magugu hufanywa nini. Uwanja ukajibu, "Hung'olewa!" Akavuta pumzi awaambie majembe yaletwe saa ngapi, na hapo ndipo sauti ilipokatika.

Haya, twende.

Tarumbeta akaigonga maiki kwa kidole. Kimya. Akaipuliza. Kimya. Akageuka kuitazama pikapu iliyoegeshwa kando ya jukwaa, na vichwa elfu tano vikageuka pamoja naye.

"We mama! Kulikoni?"

Mama Spika alikuwa na muda mfupi sana wa kuchagua kati ya ukweli na uhai. Akachagua uhai.

"Jenereta imevuta hewa!" akapaza sauti. "Nipeni dakika kumi!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema hata jenereta imeshiba maneno ya Tarumbeta, inataka kucheua. Tarumbeta akajaribu kuwaimbisha kwa mdomo mtupu, lakini kwenye uwanja ule mdomo mtupu haufiki hata safu ya sita. Akashuka amenuna.

Utaniuliza, msomaji, mwanamke mtu mzima aliyesikia matusi ya kampeni miaka ishirini, leo kimemwasha nini? Jibu liko chini ya mteremko wa uwanja ule ule. Bondeni, nyumba ya tano kutoka kwenye bomba la maji, anakaa kitindamimba wake. Ameolewa na fundi viatu, mtu wa Bondeni kwa baba na kwa mama, na wana mtoto wa miezi minne. Juzi asubuhi waliamka wakakuta mlango wao umechorwa jembe kwa chokaa.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Alikuwa yeye, binti.

"Mama, tumeshafunga mizigo. Lori la jirani linaondoka saa tisa. Mwenzangu anasema tupande."

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa shangazi yake. Mama, tunawasikia kutoka hapa. 'Ng'oa, ng'oa.' Mtoto kashtuka mara mbili. Ni spika zako hizo, Mama. Nazijua."

Mama Spika akafumba macho. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Subiri nikupigie," akasema. "Msipande chochote kabla sijapiga."

Alipofumbua macho, mbele yake amesimama meneja wa kampeni. Watu humwita Kikokotoo, kwa sababu hawezi kumtazama binadamu bila kumgeuza kura.

"Mama, jenereta yako inanguruma," akasema taratibu. "Naisikia. Kilichokosekana ni sauti. Njoo ukamweleze mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa ameketi nyuma ya jukwaa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, karatasi za hotuba mapajani. Mheshimiwa si mtu wa makelele. Alikuwa mwalimu kabla ya siasa, na mpaka leo anazungumza kama anayeogopa kuamsha mgonjwa. Akamsogezea Mama Spika nafasi kwenye kiti.

"Karibu, Mama. Naambiwa umeninyima sauti."

"Nimemnyima Tarumbeta, Mheshimiwa. Wewe hujafika kwenye maiki bado."

"Kuna tofauti?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza."

Kikokotoo, aliyekuwa amekaa mbele pembeni ya dereva, akakohoa. Mama Spika hakumjali.

"Harusi ya mwanangu ulikuja," akasema. "Ulikuwa diwani tu wakati ule. Ulishika maiki yangu hii hii, ukasema leo makabila mawili yamekuwa ukoo mmoja, na anayetaka kuwatenganisha aanze na wewe. Wazee walitoa machozi. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi nyumba yao imechorwa jembe."

Mheshimiwa akavua miwani. Ilionekana wazi kwamba limemchoma, na sitaki umwone kama jini. Majini tungeyajua kwa kwato. Huyu alikuwa na uso wa mtu mwema aliyebanwa.

"Mama, nisikilize. Maneno yale si yangu. Hata siku moja hujanisikia nikiyasema."

"Kweli, Mheshimiwa. Hata siku moja sijakusikia."

Kikokotoo akageuka nyuma mwili mzima.

"Mama, tusidanganyane. Bondeni kuna wapiga kura mia tisa. Hapo nje wako elfu tano. Akiwakemea leo, kesho wako kwa mpinzani, na mpinzani naye ana Tarumbeta wake, tena mbaya zaidi. Kwanza apate kiti. Akishakaa, atakemea vizuri, akiwa na askari nyuma yake."

"Na siku akikaa, Bondeni itakuwepo?"

Swali hilo Kikokotoo hakuwa amelipigia hesabu.

"Sentensi moja," Mama Spika akamwambia Mheshimiwa. "Sikuombi hotuba. Sema watu wa Bondeni ni watu wako, na atakayewagusa si mtu wako. Basi. Hao watu wanakupenda, wewe ukisema wanaacha. Tarumbeta hawezi kuwaambia waache, wala mimi, wala polisi. Ni wewe tu."

Mheshimiwa akavaa miwani.

"Nitasema."

"Lini?"

"Nikipanda tu. Kabla ya barabara, kabla ya maji. Naapa kwa mama aliyenizaa."

Kikokotoo akainamisha kichwa, akawa anatazama viatu vyake. Laiti Mama Spika angemwangalia huyo badala ya kumwangalia anayeapa! Lakini alishashuka garini, anakwenda mbio, simu sikioni.

"Fungueni mizigo," akamwambia binti yake. "Lori liacheni liende. Mheshimiwa anapanda sasa hivi, anawatetea kwa kinywa chake mwenyewe. Mtamsikia."

Mkwewe akachukua simu. "Shikamoo, Mama. Una hakika?"

"Marahaba, baba. Ameapa."

Fundi viatu ni mtu wa heshima, hajawahi kumbishia mama mkwe wake hata kwenye jambo la chumvi.

"Kama wewe umesema, Mama, basi tunashusha."

Usimcheke mwanamke huyu. Miaka ishirini ameishi kwa kuamini kitu kimoja, kwamba sauti ikifika, kazi imekwisha. Akachukua spana, akapanda juu ya fremu mwenyewe na umri wake, akalegeza nati, akazigeuza pembe mbili kati ya nne zielekee Bondeni. Alitaka mwanawe asikose hata herufi. Akashuka, akafuta mikono kwenye gauni, akawasha swichi.

Jenereta ikapona.

Mheshimiwa akapanda jukwaani, na uwanja ukalipuka. Alisubiri watulie. Akashika maiki kwa mikono miwili.

"Wananchi wenzangu. Kabla sijasema jambo jingine lolote..."

Mama Spika akatazama Bondeni.

"...nataka kusema kuhusu ndugu zetu wa Bondeni."

Ndugu zetu! Alilisema. Kila mtu alilisikia, na uwanja ukawa kimya kabisa. Mstari wa mbele kulikuwa na mwanamume mmoja mnene ameshika mpini wa jembe. Mheshimiwa akamtazama yule, akamtazama aliye pembeni yake, akamtazama wa tatu. Wote walikuwa na mipini.

"Ng'oa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Ng'oa! Ng'oa!" wakaitikia mamia.

Mheshimiwa akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejua kwamba amekutwa pabaya. Akainua mikono yote miwili, wakanyamaza.

"Nawasikia," akasema. "Ndugu zangu, nawasikia."

Halafu akageuza karatasi, akaingia kwenye barabara ya lami.

Mama Spika hakuamini. Alijiambia atarudi. Mtu huanza mbali akarudi. Barabara zikaisha, yakaja maji. Maji yakaisha, ikaja zahanati. Kila hoja ilipoisha alisogea hatua moja kuelekea jukwaani, na kila mara Mheshimiwa aliikwepa pikapu kwa macho kama mwenye deni anavyokwepa duka. Kikokotoo alikuwa akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Neno lililoshuka Bondeni siku ile, kupitia pembe mbili alizozigeuza mama kwa mkono wake, lilikuwa hilo moja. Nawasikia.

Simu ikatetemeka.

"Mama," binti akasema. Sauti ilikuwa ya chini mno. "Ndilo hilo alilosema?"

"Lori liko wapi?"

"Limeondoka."

Tarumbeta alishainyakua maiki nyingine ya jukwaani. "Mmemsikia Mheshimiwa? Amesema nini? Amesema anawasikia! Sasa kama mkubwa amesikia, mdogo anangoja nini?"

Mama Spika akaikata sauti mara ya pili, lakini ilikuwa kama kufunga zizi ng'ombe ameshatoka. Wanaume wapatao arobaini walichomoka ubavuni mwa uwanja, wakaanza kuteremka kwa njia ya miguu. Hawakukimbia. Walitembea kama watu waliotumwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana ubaya wa hadithi hii uko hapa.

Kila mkutano ukiisha huwa kuna matembezi. Mgombea hupanda nyuma ya pikapu ya spika, anapewa maiki isiyo na waya, gari linakwenda mwendo wa maiti, yeye anapunga mkono, na umati unafuata nyuma ukiimba. Njia ni ile ile siku zote, barabara ya juu mpaka ofisi ya chama. Gari la Mheshimiwa na walinzi wake hubaki mkiani mwa msafara.

Mheshimiwa akapanda. Kikokotoo akaja dirishani kwa Mama Spika.

"Barabara ya juu. Polepole. Na usitazame chini, Mama, utapata kizunguzungu."

"Arobaini wameteremka. Umewaona?"

"Mimi sijaona mtu. Na Mheshimiwa hajaona mtu. Tukiwa ofisini, hatukuwepo." Akapiga bodi kwa kiganja. "Twende."

Mama Spika akawasha gari. Kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. Alijua mambo mawili. La kwanza, gari kwa barabara ya chini, ile ya maghala, lingefika Bondeni kabla ya wale wa miguu. La pili, au ndivyo alivyodhani, ni kwamba mtu anaweza kunyamaza juu ya watu mia tisa asiowaona, lakini hawezi kunyamaza mbele ya mtoto wa miezi minne. Akimfikisha Mheshimiwa mlangoni, akimsimamisha pale na maiki mkononi, atasema. Atake asitake.

Walipofika njia panda, akakata usukani kushoto. Chini.

Ole wake! Kuna jambo ambalo kila mwenye gari la spika hulijua kabla hajajua kubadilisha gia, na yeye siku hiyo, kwa uchungu wa mwana, likamtoka kichwani. Umati haujui barabara ya juu wala ya chini. Umati unafuata spika. Zikikata kulia, unakata kulia. Zikikata kushoto, unakata kushoto, hata kama ni kwenye shimo.

Akatazama kioo cha pembeni. Nyuma yake hawakuwa arobaini. Uwanja mzima ulikuwa unamiminika kwenye barabara ya maghala, elfu tano, vumbi limepanda juu ya vichwa vyao, na Tarumbeta amebebwa mabegani anapasua koo.

"Mheshimiwa mwenyewe anatuongoza! Mnamwona? Anatuongoza mwenyewe!"

Hata wale waliokuwa wanakwenda nyumbani kupumzika waligeuka. Mtu akiona mgombea wake amesimama mbele, gari la chama limeelekea Bondeni, atauliza nini tena?

Juu ya kibanda cha pikapu, ngumi zikaanza kugonga bati.

"Mama! Siyo njia hii! Mama, simamisha!"

Asimamishe vipi? Akisimama hapo, watampita, wafike kwanza. Akirudi nyuma, atawakanyaga. Alikanyaga mafuta. Alilia akiwa anaendesha, na alikuwa anajitukana kwa sauti, matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Bomba la maji. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Milango yote imefungwa. Nje ya nyumba ya tano kulikuwa na beseni la nguo za mtoto, bado zimo kwenye sabuni, na ndala moja ya kike imeachwa imepinduka. Jembe la chokaa lilikuwa pale pale mlangoni, limechorwa vizuri, na mtu asiye na haraka.

Kichochoro kilikuwa chembamba. Mama Spika akaiingiza pikapu kwa ubavu ikaziba njia karibu yote, ukuta kwa ukuta, mlango wa mwanawe upande mmoja na umati upande wa pili. Akazima injini, akarudisha swichi ya sauti. Akatoa kichwa dirishani.

"Tumefika, Mheshimiwa. Mlango ndio huo. Maiki unayo. Sema!"

Mheshimiwa alikuwa amesimama juu, shati limeloa mgongo mzima. Umati, pamoja na wale arobaini wa njia ya miguu, ukafika kwenye mdomo wa kichochoro. Na ukasimama.

Ukasimama, msomaji. Usilisahau hilo, kwa sababu baadaye wataapa kwamba hasira za wananchi hazizuiliki, sijui mafuriko, sijui moto wa nyikani. Uongo. Walisimama. Wengi wao asubuhi ile walikunywa chai na wake zao, hawakuamka na nia ya kumchoma mtu. Walikuwa wanamtazama mtu waliyempenda, wanangoja awaambie wamekuja kufanya nini. Neno moja lingewarudisha nyumbani, na mtu mwenye neno hilo alikuwa juu yao, na kipaza sauti kiko wazi.

Pumzi yake ilisikika kwenye pembe zote nne. Ikaingia, ikatoka. Ikaingia.

Mlango ukafunguka.

Binti alitokeza na mtoto mgongoni. Aliona pikapu aliyopandishwa tangu akiwa mdogo, ile iliyompeleka shule, ile iliyombeba siku ya harusi yake. Akaona pembe. Akaona mgombea. Akaona, nyuma ya hayo yote, nyuso zisizo na idadi na mipini ya majembe. Ndipo macho yakamrudia aliyeshika usukani.

"Mama," akasema. "Ni wewe uliyewaleta?"



Na hapo, hatimaye, Mheshimiwa akasema. Aliinamia kibanda, akanong'ona kwa dereva wake peke yake, kwa sauti ile ile ya kuogopa kuamsha mgonjwa. Alichosahau ni kwamba maiki bado iko mdomoni mwake.

"Endesha gari, Mama. Tuondoke hapa."

Pembe nne zikalitangaza. Endesha gari. Tuondoke hapa. Lilisikika mpaka uwanjani.

"Mnasikia?" Tarumbeta akapasua. "Mheshimiwa anatupisha! Anatupisha njia!"

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha nyumba ya jirani. La pili lilitua kwenye boneti ya pikapu. La tatu sikulihesabu, wala hakuna aliyelihesabu, maana yalikuja mengi kwa pamoja.

Mama Spika akachomoa ufunguo. Akafungua mlango wa upande wa nyumba, akashuka, akamkumbatia mwanawe na mtoto mgongoni, akawasukuma ndani kwa kifua chake.

"Ndiyo, mwanangu," akamwambia sikioni. "Ni mimi niliyewaleta."

Fundi viatu aliubamiza mlango nyuma yao, akashusha komeo. Akasukuma meza yake ya kazi, ile nzito yenye chuma cha kugongea visigino, akaigandamiza kwenye mlango. Hakumlaumu mama mkwe wake kwa neno. Alimwangalia tu mara moja, na Mama Spika aliona heri angetukanwa.

Mizigo ilikuwa katikati ya chumba, nusu imefungwa, nusu imefunguliwa, jinsi alivyowaagiza yeye. Mtoto akaanza kulia. Bati la juu lilikuwa linapigwa kama mvua ya mawe, na ilikuwa mvua ya mawe kweli. Nje, pembe moja ikang'oka kwenye fremu, ikapiga mluzi mkali, ikanyamaza.

"Dirisha la nyuma linapitisha mtu?" Mama Spika akauliza.

"Linapitisha mtoto," binti akasema. "Sisi halitupitishi."

"Nani wa kumpokea upande ule?"

Upande ule kulikuwa na nyumba za watu walioondoka na lori.

Ndipo wakasikia mlango unagongwa. Haukuwa mpini wala jiwe. Ni ngumi, tena za haraka haraka, na chini karibu na kitasa, kama za mtu aliyechuchumaa.

"Fungueni! Jamani, fungueni!"

Fundi viatu akaweka sikio mlangoni. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi... Mheshimiwa. Fungueni, nawaomba. Gari langu liko nyuma yao huko, walinzi hawawezi kupita. Wanarusha tu, hawaangalii wanampiga nani. Kichwa kinavuja damu. Fungueni!"

Binti akamshika mumewe mkono wa shati. Akasema asifungue. Halafu akasema afungue, huyo ni mtu, atauawa mlangoni kwao. Halafu akaanza kulia.

Fundi viatu aliisogeza meza kidogo, kiasi cha mkono kupita. Akaweka mkono juu ya komeo. Jiwe likapiga karibu na bawaba, vumbi la ukuta likamwangukia usoni, hakupangusa.

"Mheshimiwa," akasema, kwa heshima yake ile ile. "Ile maiki bado unayo?"

Waliokuwa ndani wote watatu waliisikia pumzi yake mara mbili, mara moja kupitia ubao wa mlango, na mara moja, kwa kuchelewa kidogo, kupitia pembe zilizobaki juu ya pikapu.

"Ninayo."

"Basi sema nao kwanza."

Mkono wa fundi viatu ulikuwa kwenye komeo. Hakulivuta.